Kufunga Nyaya za Mota Mpya ya Feni Katika Tanuru la Kupasha Joto Nyumba

Nyumba nyingi za Kanada na za majimbo ya kaskazini ya Marekani hupashwa joto kwa tanuru la gesi lililowekwa katika chumba cha chini ya ardhi, lile ambalo wengi wetu huliita hita tu. Ndani yake mna feni kubwa inayovuta hewa iliyopoa kutoka vyumbani, kuipitisha kwenye mabati yaliyopashwa moto na gesi, kisha kuirudisha vyumbani kupitia mifereji ya hewa. Mota ya feni hiyo ikifa katikati ya Januari, gesi huwaka kwa dakika chache, swichi ya joto kupita kiasi ikauzima moto, na baada ya muda mfupi ukawaka tena na kuzimwa tena, huku nyumba ikizidi kupoa.

Mwongozo huu unahusu kufunga nyaya za mota mbadala ya aina ya kawaida katika matanuru yaliyokwisha kutumika miaka mingi, yaani mota ya volti 115 yenye kasi tatu au nne na kapasita ya kuiendesha, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme na kuisaidia mota kuzunguka. Hauhusu mabomba ya gesi wala kichomeo, na atakayekuta hitilafu upande huo aite fundi mwenye leseni. Mpangaji naye asiguse kitu, bali ampigie simu mwenye nyumba, kwa kuwa tanuru ni mali yake na lawama ya kuliharibu itamwangukia aliyelifungua. Mwenye nyumba yake mwenyewe aulize kwanza katika ofisi ya ujenzi ya mji wake kama kazi hii inahitaji kibali, kwa sababu sheria za mji mmoja na mwingine hazifanani.

Rangi za nyaya: usitegemee ulichojifunza nyumbani

Aliyejifunza umeme Kenya au Tanzania anajua kwamba waya wa kahawia ni wa moto, wa bluu ni nyutro, na wenye kijani na njano ni ethi. Katika majengo ya zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Ujuzi huo ni sahihi kule, lakini Marekani na Kanada unaweza kuua. Huku waya mweusi ndio wa moto, mweupe ni nyutro, na ethi ni wa kijani au shaba isiyovikwa plastiki. Kwa hiyo waya ambao fundi wa zamani wa Mombasa angeushika bila wasiwasi, akiuona kuwa ni nyutro, ndio hasa unaobeba volti 120.

Ndani ya mota mambo hubadilika tena, kwa sababu rangi za nyaya zake hueleza kazi ya kila waya katika koili. Katika mota nyingi za feni za Amerika Kaskazini mpangilio ni huu: mweupe ni waya wa pamoja, unaokwenda nyutro, mweusi ni kasi ya juu, bluu ni kasi ya kati, njano, kama upo, ni kasi ya kati ya chini, mwekundu ni kasi ya chini, nyaya mbili za kahawia ni za kapasita, na kijani ni ethi. Bluu hapa si nyutro, na kahawia hauunganishwi kamwe na waya wa moto wa nyumba. Hata hivyo mpangilio huu ni desturi tu, na watengenezaji wengine huugeuza. Kinachoaminika ni mchoro uliobandikwa kwenye kiwiliwili cha mota mpya pamoja na ule ulio ndani ya mlango wa tanuru. Mchoro ukipingana na rangi ulizozizoea, au na rangi za mota ya zamani, fuata mchoro.

Hakikisha kwanza kwamba mota ndiyo mbovu

Mota si bei ndogo, na kapasita ni ya dola chache. Kwa hiyo usinunue mota kabla ya kupima. Weka swichi ya feni ya thamostati kwenye ON. Fungua mlango wa chini wa tanuru na utaona swichi ndogo ya usalama inayokata umeme mlango unapotoka. Mpimaji huibana kwa mkono au kwa utepe wakati wa kupima tu, na kuiachia mara anapomaliza. Kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za AC, nenda kwenye bodi, yaani ubao wa saketi unaoliongoza tanuru, upime kati ya pini ya nyutro na pini ya kasi inayotumika kwa feni pekee, ambayo katika bodi nyingi ni COOL na katika nyingine ni HEAT au pini ya tatu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Usipoona volti karibu na 120, ubovu uko kwenye bodi, transfoma au thamostati, na mota mpya haitasaidia chochote.

Ukiona volti hizo na mota inavuma bila kuzunguka, zima umeme wote, thibitisha kwa multimita kwamba umekatika, kisha zungusha gurudumu la feni kwa mkono. Likiwa zito au likikwaruza, beringi zimekwisha. Likizunguka kwa wepesi, ishuku kapasita. Kabla ya kuigusa, itoe chaji kwa kuunganisha pini zake mbili kupitia rezista ya omu 20,000 hivi yenye uwezo wa wati 2 au zaidi. Kupitisha bisibisi juu ya pini, kama wafanyavyo mafundi wengi, hutoa cheche na kuweza kuiharibu kapasita ambayo ilikuwa nzima. Ng'oa nyaya zake na uipime. Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 7.5 ikisoma 5, ya kutupwa ni hiyo, na huenda mota haina kosa lolote.

Koili za mota hupimwa kwa omu, nyaya zikiwa zimeng'olewa. Kati ya waya mweupe na kila waya wa kasi lazima kuwe na ukinzani wa omu chache, ambao ni mdogo kabisa kwenye kasi ya juu na huongezeka kadiri kasi inavyoshuka. Kati ya waya wowote wa koili na mwili wa mota pasiwe na njia ya umeme kabisa. Kumbuka pia kwamba mota ya aina hii ina kikatizi cha joto ndani yake, hivyo iliyotoka kuungua joto inaweza kusoma kama iliyokatika kumbe inangoja kupoa. Iache ipoe kabisa ndipo uihukumu.

Kuchagua mota mbadala

Soma kibandiko cha mota ya zamani na uandike volti, hezi, nguvufarasi, mizunguko kwa dakika, ampea za mzigo kamili, upande wa mzunguko na ukubwa wa kapasita. Mota nyingi za majumbani ni za nguvufarasi 1/3, 1/2 au 3/4, zenye mizunguko 1075 kwa dakika, kipenyo cha inchi 5.6 na shafti ya nusu inchi. Usiongeze nguvufarasi kwa kudhani kwamba nyumba itapata joto haraka, kwani mota kubwa huvuta ampea zaidi kupitia bodi na nyaya ambazo hazikuandaliwa kwa mzigo huo. Mota ya hezi 50 iliyotoka Afrika Mashariki au Ulaya haifai hata kama ukubwa wake unalingana. Nunua kapasita mpya pamoja na mota: maikrofaradi zake ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye mota mpya, si kwenye ile ya zamani, na volti zake ziwe 370 au 440 kama ilivyoagizwa, ambapo 440 inaweza kuchukua nafasi ya 370 lakini 370 haichukui nafasi ya 440.

Ikiwa mota ya zamani ina plagi kubwa za plastiki badala ya nyaya za rangi za kasi, hiyo ni mota ya kielektroniki. Matanuru ya gesi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Julai 2019, ilipoanza kutumika kanuni ya shirikisho inayopunguza umeme unaoliwa na feni, kwa kawaida huja na mota hizo. Mota ya namna hii hupata volti 120 muda wote na huamriwa kwa ishara nyingine, mara nyingi za volti 24. Plagi yake haing'olewi umeme ukiwapo, na baada ya kuzima hungojwa dakika 5 ili kapasita zake za ndani ziishe chaji. Ukipeleka volti 120 kwenye pini ya ishara yake, umeinunua bure. Maelekezo ya nyaya yanayofuata hapa hayaihusu; ibadilishe kwa mota ileile iliyopangwa na mtengenezaji wa tanuru lako.

Kutoa mota ya zamani

Zima breka ya tanuru kwenye paneli kuu, zima pia swichi iliyo ubavuni mwa tanuru, na ufunge vali ya gesi iliyo kwenye bomba linaloingia. Pima tena kwa multimita kwenye bodi, kati ya waya wa moto na nyutro, kisha kati ya waya wa moto na ethi. Ipime multimita yenyewe kwenye soketi yenye umeme kabla na baada ya hapo, ili usidanganywe na betri iliyokufa.

Piga picha ya bodi kwa karibu, kila pini ionekane pamoja na waya wake. Ng'oa nyaya za mota kwa kushika kiatu cha chuma kilicho mwishoni mwa waya na si plastiki ya waya, kisha fungua skrubu zinazoishika nyumba ya feni, yaani kasha la bati lenye gurudumu na mota ndani yake, na uivute nje kama droo. Katika baadhi ya matanuru bodi imefungwa mbele ya nyumba hiyo na lazima ishushwe kwanza.

Sasa pima kwa rula jinsi mota ilivyozama ndani ya nyumba yake, kwa kuwa kipimo hicho ndicho kitakachoirudisha mota mpya mahali pake. Skrubu inayobana gurudumu kwenye shafti mara nyingi imeshika kutu. Isugue shafti kwa msasa hadi ing'ae, tia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, na usiligonge gurudumu kwa nyundo. Wakati liko nje, lisafishe vumbi lililoganda kati ya mapezi yake, kwani pezi lililojaa vumbi halisukumi hewa hata mota ikiwa mpya. Ukiona vipande vidogo vya chuma vimebanwa kwenye baadhi ya mapezi, viache. Ni vya kusawazisha uzito.

Kuifunga mahali pake

Hamishia mkanda wa chuma unaoizunguka mota ya zamani, pamoja na miguu yake mitatu, kwenye mota mpya, pasipo kuziba matundu ya kupitishia hewa. Ingiza shafti, lengesha skrubu ya gurudumu kwenye upande bapa wa shafti, na uhakikishe kwamba gurudumu liko katikati na haligusi ukuta upande wowote. Nyaya zitoke zikielekea chini kabla ya kupanda, ili maji yakidondoka kutoka kwenye kipoza hewa kilicho juu ya tanuru yasifuate waya hadi ndani ya mota.

Kuunganisha nyaya

Anza na ethi. Waya wa kijani hufungwa kwa skrubu kwenye bati safi la tanuru, penye ethi nyingine. Wapo wanaouacha ukining'inia kwa sababu mota inazunguka bila huo, nao hawataona tofauti hadi siku koili itakapogusa mwili wa mota.

Waya mweupe huingia kwenye mojawapo ya pini zilizoandikwa NEUTRAL au N kwenye bodi. Pini hizi huwa kadhaa katika safu moja na zote ni sawa.

Nyaya mbili za kahawia huenda kwenye kapasita, kila mmoja kwenye upande wake. Kapasita ya kuendeshea haina chanya wala hasi, hivyo haijalishi ni upi unaokwenda wapi. Mota nyingine huwa na waya mmoja wa kahawia mtupu na mwingine wa kahawia wenye mstari mweupe. Huo wa mstari nao ni wa kapasita, na usiuchukulie kuwa ni mweupe ukaupeleka kwenye nyutro. Funga kapasita kwa mkanda wake kwenye ukuta wa nyumba ya feni, pini zake zikiwa mbali na bati.

Zimebaki nyaya za kasi, na hapa ndipo mota mpya nyingi huungulia. Nyaya hizi zote hutoka katika koili moja, kila mmoja ukianzia mahali tofauti pa koili hiyo. Umeme unapoingia kwa waya mmoja, nyingine nazo hupata umeme kama katika transfoma, na baadhi zinaweza kupita hata volti 120. Mambo mawili yanafuata kutokana na hilo. Kwanza, nyaya mbili za kasi zisiunganishwe pamoja, wala zisipewe umeme kwa wakati mmoja, kwa sababu sehemu ya koili iliyo katikati yake itakuwa imefungwa mduara na itaungua. Pili, waya usiotumika si waya mfu. Usiuache wazi ukigusa bati.

Peleka waya wa kasi uliyoichagua kwa majira ya baridi kwenye pini HEAT, na wa kiyoyozi kwenye pini COOL. Kiyoyozi huhitaji hewa nyingi, takriban futi za ujazo 400 kwa dakika kwa kila tani ya upoozaji (kipimo cha uwezo wa kiyoyozi), kwa hiyo kwa kawaida hupewa waya mweusi. Joto huanzishwa kwa kasi iliyotumika awali, na hapo ndipo picha uliyopiga inapokufaa: angalia waya wa HEAT wa mota ya zamani ulikuwa kasi gani kwa mujibu wa mchoro wake, kisha tafuta kasi hiyo katika mchoro wa mota mpya, hata kama rangi ni nyingine. Nyaya zilizobaki ziweke kwenye pini zilizoandikwa PARK, M1 au M2, ambazo hazina umeme na kazi yake ni kuhifadhi tu. Bodi isipokuwa na pini hizo, vika kila waya kofia yake na utepe wa umeme, mmoja mmoja. Ukizisokota pamoja chini ya kofia moja umeziunganisha.

Ukitaka kasi moja itumike kwa joto na baridi, usichukue nyaya mbili za mota. Chukua waya mfupi wa kuunganishia, unganisha pini HEAT na COOL kwenye bodi jinsi mchoro wa tanuru unavyoruhusu, kisha uchomeke hapo waya mmoja tu wa kasi.

Mwisho wa sehemu hii ni upande wa mzunguko. Mota nyingi mbadala zina plagi ndogo au jozi mbili za nyaya, mara nyingi zambarau na njano, zinazobadilishana ili kuugeuza. Kama njano imetumika hivyo katika mota yako, basi si waya wa kasi. Soma kibandiko uone kama upande wa mzunguko unahesabiwa ukiitazama mota kutoka mwisho wa shafti au kutoka mwisho wa nyaya, kwa sababu mtazamo mmoja ni kinyume cha mwingine. Funga nyaya zote kwa vibano vya plastiki mbali na gurudumu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa.

Kuwasha na kupima

Rudisha nyumba ya feni, washa umeme gesi ikiwa bado imefungwa, na uweke thamostati kwenye feni pekee. Ukiibana swichi ya mlango kama mwanzo, tazama gurudumu linavyoanza na kusimama. Usiridhike na kuona kwamba hewa inatoka vyumbani: feni ya namna hii ikizunguka kinyume bado husukuma hewa upande uleule, ila kwa unyonge mkubwa na kelele. Mapezi yaliyopinda mbele lazima yakimbie kuelekea mdomo wa kutokea hewa.

Pima ampea kwa klampu mita, ile inayoukumbatia waya bila kuukata, kwenye waya mweusi unaoleta umeme kwenye tanuru, mlango ukiwa umefungwa, na uzilinganishe na zilizo kwenye kibandiko. Mlango ufungwe kwa sababu feni hii hubeba mzigo mkubwa inapopata hewa nyingi; ukiuacha wazi utasoma ampea zilizopanda bila sababu. Kwa mantiki hiyohiyo, chujio lililoziba hushusha ampea, jambo linalowashangaza wengi.

Sasa fungua gesi, washa joto, na uiache hewa ifikie kiwango tulivu kwa dakika 10 hadi 15. Pima joto la hewa inayorudi karibu na chujio, na la hewa inayotoka, katika mfereji mahali ambapo kipimajoto hakiyaoni moja kwa moja mabati ya moto. Tofauti ya vipimo hivyo lazima iwe ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tanuru, kwa mfano nyuzi 40 hadi 70 za Farenhaiti, ambazo kama tofauti ni takriban nyuzi 22 hadi 39 za Selsiasi. Tofauti ikizidi, hewa ni kidogo: angalia chujio, kisha, ukizima umeme, hamia kasi ya juu zaidi kwenye HEAT. Ikipungua, hewa ni nyingi mno, na mvuke ulio katika moshi wa gesi unaweza kugeuka maji ndani ya mabati na kuyaozesha; shusha kasi. Kutoigusa hatua hii ndiko kunakofanya mtu abadilishe mota vizuri na bado tanuru likawa linajizima usiku.

Hakikisha kengele ya gesi ya kaboni monoksidi inafanya kazi kabla ya kulala. Kisha andika kwenye karatasi tarehe, ukubwa wa kapasita, na rangi ya waya ulioingia katika kila pini, uibandike ndani ya mlango wa tanuru kando ya mchoro wa kiwandani, kwa maana mchoro huo bado unaeleza mota ambayo haipo tena.